Mjomba Alipoanza Kusema Kiingereza

Mimi ni msomaji wa riwaya za kutisha, tena jasiri kweli kweli, hasa mchana. Mwezi uliopita nilisoma mbili mfululizo, na kila jioni mke wangu alipewa hukumu zangu, apende asipende.

Nilianza na The Exorcist ya William Peter Blatty, iliyotoka mwaka 1971. Watu huisifia kwa vituko vya yule binti aliyepagawa na shetani, kitandani. Mimi naisifia kwa kutokuwa na haraka. Madaktari wanampima mtoto kila kipimo, ugonjwa hauonekani, na padri anayeletwa ni daktari wa akili ambaye naye hataki kuamini. Anatafuta dalili za kweli, mojawapo ikiwa mgonjwa kusema lugha ambayo hajawahi kujifunza. "Hapo ndipo penyewe," nilimwambia mke wangu. "Mtu akitapika, mpe dawa. Akisema lugha asiyoijua, kimbia."

Ya pili ilikuwa The Haunting of Hill House ya Shirley Jackson, ya mwaka 1959, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Mzimu wenyewe huuoni. Usiku mmoja Eleanor, mgeni katika nyumba hiyo, amelala gizani, ameushika mkono wa mwenzake kwa nguvu, wakisikiliza sauti nyuma ya ukuta. Taa inawaka. Kumbe mwenzake yuko kitanda kingine, mbali kabisa. Sasa ule mkono ulikuwa wa nani? Jackson hasemi, anaendelea na mambo yake. Waandishi wanaomwaga damu ndoo nzima wangekwenda kwa huyu mama wakafundishwe kunyamaza.

Baada ya hapo nikataka kurudia Dracula ya Bram Stoker, ya mwaka 1897. Msimamo wangu juu yake haujabadilika: sura nne za mwanzo, shajara ya Jonathan Harker akiwa mgeni kwenye ngome ya yule mnyonya damu, zinasimamisha nywele, baadaye ni barua, telegramu na ratiba za treni, na mwenye kutisha mwenyewe humwoni ila kwa nadra. Macho yalikuwa yamechoka, basi nikapakua ya kusikiliza kwenye simu, kwa Kiingereza.

Wiki hiyo Mjomba alikuwa amekuja kututembelea. Tulimlaza chumba cha pili, ambamo pia hukaa spika yetu. Hiyo spika ikiachwa imewashwa, simu yangu hujiunga nayo kwa Bluetooth bila kumwomba mtu ruhusa. Nilikuwa nalijua hilo. Usiku ule halikunijia kabisa.

Saa sita usiku, mke wangu amelala, nikaweka simu kando ya mto, nikaruka hadi sura ya tatu, nikabonyeza. Kimya. Dakika zinahesabu, sauti hakuna. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza tena. Nikaongeza mpaka mwisho.

Ndipo nikasikia, nyuma ya ukuta, mwanamume mwenye sauti nzito akisema Kiingereza kilichonyooka, cha mtu aliyesoma. Kilitoka chumbani kwa Mjomba. Mjomba, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye "gudimoni", na hiyo huisema hata jioni.

Nikatulia, nikajipa moyo. Kisha ikaja sauti nyingine, hii sasa ya Mjomba mwenyewe, inatetemeka: "Mimi Kiingereza sijui! Tafuta mtu mwingine!"

Sauti mbili, lugha mbili, mtu mmoja. Kipimo cha padri kilikuwa kimejibu.

Nikamtikisa mke wangu. "Amka, Mjomba amepandisha." Akaguna. Nikalihesabu lile guno kuwa amekubali, nikatoka kwenda ukumbini. Taa sikuwasha, mtu aliyepandisha hujui taa itamfanya nini. Gizani nikapapasa nyuma yangu, nikaupata mkono, nikaushika. Nao ukanishika, kwa nguvu kuliko nilivyotegemea.

"Usiogope, mke wangu," nikanong'ona. "Nipo."

Kutoka chumbani kwetu, kitandani kabisa, mke wangu akauliza, "Unaongea na nani huko?"

Nilipiga ukelele ambao siwezi kuueleza mbele ya watu ninaowaheshimu. Mwenye mkono naye akapiga wa kwake. Taa ikawaka. Nilikuwa nimesimama na Mjomba, amejifunga shuka, tumeshikana mikono kama bwana na bibi harusi, wala hakuna aliyekuwa tayari kuachia.

"Mjomba," akaniambia, anahema, "mle ndani kuna mzungu."

Na mzungu kweli alikuwa anaendelea, kwa utulivu, kusimulia jinsi mwenye ngome anavyoshuka ukutani kichwa chini kama mjusi. Mke wangu akaja na simu yangu, akaitazama, akanitazama mimi, akabonyeza mara moja. Mzungu akanyamaza.

Asubuhi Mjomba alitaka kujua yule bwana alikuwa anasema nini usiku kucha. Nikamsimulia: kijana amekwenda ugenini, mwenyeji wake hali chakula, kwenye kioo haonekani, usiku hushuka ukutani.

Mjomba akafikiri. "Na huyo mgeni alikaa siku ngapi?"

"Kama miezi miwili hivi."

"Mimi," akasema Mjomba, akivuta begi lake chini ya kitanda, "naondoka leo."