Great Dixter imenitia wivu, wala sioni haya

Nimelipa kiingilio ili nitazame migomba. Katika bustani ya Great Dixter, kijijini Northiam, Sussex Mashariki, migomba isiyozaa hata ndizi za kuliwa imepandwa pamoja na mibarika, na majira ya baridi yanapokaribia huvikwa majani makavu isife; nami, niliyekulia Unguja penye mgomba nyuma ya kila jiko, nilipita kifua mbele nikicheka peke yangu.

Kicheko kilikatika nilipoingia ndani ya nyumba yenyewe. Ukumbi mkuu ulijengwa katikati ya karne ya 15, na Nathaniel Lloyd aliponunua nyumba hiyo mwaka 1910 ulikuwa umekatwakatwa kwa sakafu na viambaza, ambavyo msanifu Edwin Lutyens aliviondoa hadi ukawa wazi tena mpaka kwenye paa. Kisha, na hapa ndipo roho iliponiuma, wakaenda Benenden, upande wa Kent, wakanunua nyumba nyingine kuukuu ya mbao iliyokuwa ikibomoka, wakaifungua boriti moja moja, wakaihamisha na kuiunganisha na hii. Nyumba isiyo ya babu yao! Sisi Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe, Unguja, aliyotujengea Sultani Barghash mwaka 1883, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, ikaua watu wawili. Habari za kamati na ahadi mnazijua.

Najua yupo atakayesema nimelewa Uzungu, na mwingine kwamba kasri za Waingereza zimetunzwa kwa mali iliyotoka kwetu. Kwa kasri nyingi hoja hiyo ina uzito, wala siipingi. Lakini Lloyd alitajirikia uchapaji, hakuwa lodi, na kile walichokiokoa Benenden kilikuwa karibu na kuwa gofu. Wa tatu atasema Mji Mkongwe ni makazi ya watu, si makumbusho. Hata Dixter haikugandishwa: Christopher Lloyd, mwanawe Nathaniel, aliyezaliwa humo mwaka 1921, aling'oa mawaridi katika bustani aliyoibuni Lutyens, akapanda hiyo migomba, na waliochukizwa hakuwajali. Tangu afariki mwaka 2006 mahali hapo panaendeshwa na wakfu, na vijana huenda kujifunza kazi ya bustani. Wakfu, jamani, mambo ambayo wazee wetu wa pwani waliyajua tangu zamani! Basi anayeniona nina kiburi anitajie nyumba moja ya wakfu mtaani kwao ambayo paa lake halivuji, nami nitaomba radhi hadharani.