Shirika dogo na ndege za kukodi za Mlango-Bahari wa Taiwan

Kila njia mpya ya anga inapofunguliwa, wachambuzi huwa wepesi kulishauri shirika dogo lisubiri: liwaache wakubwa watangulie, litazame soko linavyotulia, kisha ndipo liamue. Mfano unaofaa sana hoja hiyo ni wa Far Eastern Air Transport ya Taiwan, iliyosimamisha safari zake tarehe 13 Mei 2008, siku 52 tu kabla ya ndege za kukodi (zisizo za ratiba ya kawaida) za mwisho wa wiki kuanza kuvuka mlango-bahari kwenda China Bara. Ni rahisi kuhitimisha kwamba njia ile haikuwa ya wanyonge. Ushauri wa kusubiri una mashiko yake, lakini kisa hiki, kikisomwa vizuri, kinaelekea upande mwingine.

Tuanze na mgao, kwa sababu bila huo hakuna hesabu inayoeleweka. Makubaliano ya Juni 2008 kati ya Taiwan na China Bara yaliruhusu safari 36 za kwenda na kurudi kwa wiki, kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, 18 kwa kila upande. Upande wa Taiwan ziligawanywa kwa mashirika matano: China Airlines, EVA Air, Mandarin Airlines, UNI Air na TransAsia Airways. Mandarin ni kampuni tanzu ya China Airlines, na UNI Air iko chini ya mwavuli wa EVA, hivyo aliyebaki bila ndugu mkubwa wa kumkingia kifua alikuwa TransAsia peke yake. Ukigawa 18 kwa tano hupati hata safari nne za wiki kwa kila mmoja. Kwa shirika lenye ndege kubwa zinazokwenda Marekani na Ulaya, safari nne ni habari ya gazetini zaidi kuliko ya daftari la mapato. Kwa mdogo, safari nne ambazo mshindani hawezi kuzizamisha kwa kuongeza ndege ni kinga ambayo soko huria lisingempa kamwe. Mgao humbana mkubwa kuliko unavyombana mdogo, na sijui kwa nini jambo hili husahauliwa.

Kuna na suala la ndege zilizokosa kazi. Treni ya mwendokasi ilipoanza Januari 2007, safari ya Taipei hadi Kaohsiung ikawa ya takriban dakika 90, na abiria wa ndege za ndani wakaihamia. Ndege inayolala uwanjani hailali bure: deni lake au kodi yake inalipwa, bima inalipwa, na ukaguzi mwingine wa mafundi hufuata kalenda, iwe imeruka au haikuruka. Kwa hiyo ndege kama hiyo ikipelekwa Shanghai, gharama inayoongezeka ni mafuta, ada za viwanja na posho za wafanyakazi, basi. Shirika kubwa likitaka kupeleka ndege huko, ilibidi liiondoe kwenye njia ambako tayari ilikuwa inaingiza fedha. Zaidi ya hapo, wasafiri wengi wa China Bara walikuwa wakipitia Hong Kong, na njia ya Taipei hadi Hong Kong, mojawapo ya zenye abiria wengi zaidi duniani wakati huo, ilikuwa ngome ya China Airlines na EVA pamoja na Cathay Pacific ya Hong Kong. Kila abiria aliyevuka moja kwa moja aliweza kuwa ametolewa katika mfuko wao wenyewe. Mdogo hakuwa na mengi ya kupoteza huko.

Wanaoshauri subira nao wana ushahidi. Wakubwa hawakukawia: siku ya uzinduzi, tarehe 4 Julai, Liu Shaoyong, aliyekuwa akiiongoza China Southern, shirika kubwa la China Bara, alikaa mwenyewe kwenye usukani wa ndege iliyotoka Guangzhou hadi Taoyuan, uwanja wa ndege wa Taipei. Wiki moja baadaye pipa la mafuta lilizidi dola 147. Tena, kwa miezi ile ya mwanzo ndege zote zililazimika kupita anga ya Hong Kong. Anayetoka Guangzhou hauoni sana mzunguko huo; lakini ndege ya Taipei iliyokuwa ikienda Shanghai, yaani kaskazini, ilianza kwa kuelekea kusini-magharibi, ikachoma mafuta ya bei ile kwa zaidi ya saa nzima isiyo na faida kwa yeyote. Watalii wa China Bara nao waliwekewa kikomo cha 3,000 kwa siku, katika vikundi vya watu 10 hadi 40, na mwanzoni waliofika walikuwa wachache mno kuliko kikomo hicho. Mkubwa huweza kuuvumilia msimu wa namna hii. Mdogo mwenye madeni hana pumzi hiyo.

Hata hivyo, angalia mwendo wa tarakimu: safari 36 kwa wiki mwezi Julai 2008, 108 kuanzia tarehe 15 Desemba mwaka huohuo, na 270 tarehe 31 Agosti 2009, safari za kawaida za ratiba zilipochukua nafasi ya zile za kukodi. Haijatimia hata miezi 14. Mzunguko wa Hong Kong uliondolewa hiyo Desemba, na bei ya mafuta ilikuwa imekwisha kuporomoka. Kwa maneno mengine, sababu kuu za kusubiri ziliisha ndani ya miezi mitano na nusu. Lakini kila mgao ulipopanuka, kinga ya mdogo ilipungua, kwa kuwa safari 270 zinatosha kabisa kumfanya mkubwa alichukulie jambo kwa uzito, alete ndege zake pana na aanze kupigania wafanyabiashara wa Shanghai. Aliyesubiri mambo yatulie angeukuta mlango uko wazi kwa wote, yaani umefunguka mno. Ngojangoja huumiza matumbo, na hapa matumbo yaliyoumia ni ya wadogo.

Hoja moja ya upande wa pili sina namna ya kuipangua. Njia iliyofunguliwa kwa makubaliano ya kisiasa hubanwa kwa siasa vilevile. Mwaka 2016, baada ya serikali kubadilika Taipei, vikundi vya watalii kutoka China Bara vilipungua, na tarehe 22 Novemba mwaka huo TransAsia ikafunga milango. Lakini TransAsia ilikuwa na majeraha mengine: ajali mbili, ya Julai 2014 na ya Februari 2015, zilizoua watu 91 kwa jumla, zote za ndege ndogo aina ya ATR 72 katika safari za ndani. Njia ya ng'ambo ilikuwa imeipatia shirika hilo miaka ambayo treni isingeiachia.

Far Eastern yenyewe ilirudi hewani Aprili 2011. Kufikia hapo safari za ratiba zilikuwa na miezi 20, wakubwa walikuwa wamekwisha kujenga wateja wao katika miji mikubwa, na shirika lililokuwa na ndege zisizo na kazi wakati zilipohitajika liliingia nyuma ya foleni.