Tangi la pili sawa, lakini lipewe koki yake

Wenye magari ya zamani wakikutana, taja tangi la ziada la mafuta uone ubishi unavyowaka. Wako wanaotaka gari libaki kama lilivyotoka kiwandani, hata skrubu isiguswe. Na yuko fundi wa mtaani ambaye akiona nafasi tupu nyuma ya siti, tayari kichwani anapiga picha ya pipa na mashine ya kuchomelea. Mimi siwaungi mkono hao wala huyu. Land Rover ya kizamani inastahili tangi la pili, mradi liwekwe pale walipolikusudia waliolitengeneza gari, na kwa namna yao.

Nazungumzia Series II na III za petroli, zenye injini ya lita 2.25, zile 88 na pikapu za 109 (namba hizo ni inchi kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma) ambazo mpaka leo utazikuta zimebeba magunia ya viazi na mbuzi wawili juu. Tangi lake la kawaida linakaa chini ya siti ya mbele upande wa kulia, na linachukua galoni 10 za Kiingereza, yaani lita 45 hivi. Injini ile inakunywa. Kwenye lami, bila mzigo, ukipata kilomita 6 kwa lita mshukuru Mungu. Kwenye mchanga, gia ya chini, acha kupiga hesabu. Kwa hiyo ukijaza tangi una kilomita 250 za uhakika, au pungufu.

Anayetoka Dar kwenda Morogoro hilo halimhusu, sheli zimejaa njia nzima. Lakini jaza mafuta Mto wa Mbu, pita Engaruka hadi Ziwa Natron, zunguka huko kidogo kutafuta flamingo, kisha urudi ulikotoka. Kwenda tu ni zaidi ya kilomita 100 za vumbi na mawe. Wakati wa kurudi hutazami tena mlima wala ziwa, unatazama geji, na geji ya Land Rover ya miaka ile si kitu cha kukiamini sana.

Sasa wale wa uasilia. Wanasema tangi la pili linalitia gari doa. Hoja hiyo hainiingii akilini. Land Rover wenyewe walikuwa na tangi la ziada la chini ya siti ya kushoto, na magari mengi ya jeshi la Uingereza yalitolewa na matangi mawili, kulia na kushoto. Wala si magari ya porini tu. Jaguar XJ6 iliyoingia sokoni 1968 ilikuwa na matangi mawili nyuma, moja kila upande, na dereva alibadilisha kwa kitufe cha kwenye dashibodi. Hata Volkswagen Beetle, ambayo hadi 1961 ilikuwa haina geji kabisa, ilikuwa na koki ndogo karibu na miguu ya dereva: injini ikianza kukohoa unaisukuma, akiba inafunguka, unaendelea na safari huku ukitafuta pa kujaza. Kuwa na akiba unayoifungua kwa mkono ni jambo la kizamani kuliko wanaolipinga.

Ugomvi wangu mkubwa uko na yule wa upande wa pili. Ukimpelekea fundi gari na tangi, jibu la kwanza ni hili: "Mzee, hapa tunatia T moja kwa chini, yanakuwa kama tangi moja kubwa. Kazi ya nusu saa."

Hapana, fundi. Matangi yakiunganishwa kwa chini, mafuta yanafuata mlalo wa gari. Egesha upande mmoja ukiwa juu, tangi la chini linajazwa na la juu mpaka petroli inatafuta njia ya kutokea kwenye mfuniko. Jiwe likitoboa moja, umepoteza yote mawili. Ukiuziwa petroli yenye maji, maji yanaingia kote. Na baya zaidi, hujui kitu: yanaisha pamoja, kimya kimya, bila kukuonya wala kukuachia akiba.

Koki ya njia mbili inaondoa yote hayo. Inafungwa kwenye bati la siti, mahali ambapo mkono unaifikia bila macho kuondoka barabarani. Tangi la kwanza likikauka injini inakohoa, unageuza, na kuanzia hapo unajua kwa hakika una lita 45. Hiyo ndiyo faida yenyewe, kujua. Geji moja inatosha kwa matangi mawili, ila uweke swichi ndogo ya kuihamisha, na kila tangi liwe na floti yake, yaani kile kielea kinachoiambia geji mafuta yamefika wapi.

Kitu ambacho mafundi wengi hukisahau ni kipumulio. Pampu ya gari hili ni ya kimakanika, inavuta kwa diaframu, nguvu yake ndogo. Petroli inapotoka kwenye tangi lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Isipoingia, pampu inavuta mpaka inashindwa na gari linazima kana kwamba mafuta yameisha, wakati tangi limejaa nusu. Watu wameshabadilisha pampu, wakafungua kabureta, wakabadilisha plagi, kumbe ugonjwa uko kwenye mfuniko. Ufungue: ukisikia hewa inaingia kwa nguvu, ssss, na gari likawaka, umeshapata jibu. Mrija wa kipumulio upandishwe juu ya usawa wa mfuniko kabla ya kushushwa nje, la sivyo kwenye kona utaosha barabara kwa petroli.

Kuhusu kuchomelea nitasema kwa ufupi kwa sababu linaudhi. Tangi tupu lililowahi kuwa na petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa. Kulisuuza mara moja na sabuni hakutoshi. Tafuta tangi lililoundwa kwa gari hilo, jipya au lililotumika lakini zima, ulifunge kwa bolti. Na mipira ya mafuta inunuliwe mipya ya petroli, si ule wa maji uliobaki dukani.

Uzito hausumbui. Lita 45 za petroli ni kilo 33 hivi, ziko chini, katikati ya magurudumu ya mbele na nyuma, upande wa abiria ambako mara nyingi hakuna mtu. Unapoteza tu pale ulipokuwa unatupia spana na jeki.

Kinachotaka nidhamu ni matumizi. Petroli iliyosahauliwa inachacha, inanuka kama rangi kuukuu, na inaacha gundi kwenye kabureta. Mimi huanza na tangi la kushoto kila safari ndefu, la kulia ndilo linabaki akiba, kisha mwezi unaofuata nageuza.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisifunge tu madumu juu ya keria, rahisi na bei poa. Kwa sababu dumu la plastiki la mafuta ya kula linavimba juani, uzito unakaa mahali pabaya kabisa kwa gari lililoinuka juu namna ile, na kumimina petroli kwa faneli pembeni ya injini ya moto, upepo ukipiga, ni kazi ambayo siitaki. Dumu nalibeba, ila ni la maji ya rejeta.