Godauni siyo sebule ya ukoo

Jamani hivi nani aliwaambia watu kwamba ikifika Desemba hapa Moshi, stoo ya mtu inageuka mali ya ukoo?

Mimi ni Msimamizi Mkuu wa Ghala, Kanda ya Kaskazini. Kanda nzima ina ghala moja, hili hapa, na chini yangu wapo makuli 4 na paka, ila cheo ni cheo. Wiki nzima tunaandaa msimu. Mnajua wenyewe, Wachaga wote waliotawanyika duniani wanarudi mlimani ndani ya siku 10, na kila mmoja anataka soda, mchele, mafuta, na mabati ya kumalizia ile nyumba. Basi tumefagia, kila kiroba kimekaa juu ya paleti, sukari nimeiacha mbali na ukuta isile unyevu maana vuli ya mwaka huu haina adabu, mzigo wa zamani tumeuvuta mbele utoke kwanza, kreti tupu zote nje. Nikachora na mistari ya njano chini, njia ya foklifti, kwa mkono wangu, kiuno mpaka leo kinalia.

Rangi haijakauka naona guta getini. Juu ya guta kochi la watu 3. Juu ya kochi, shangazi yake mama watoto.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Watoto hawajambo? Mbona umekonda?"

Nikajua nimekwisha. Shangazi akikuona umekonda kuna kitu anataka.

"Nina kamzigo kadogo tu, ka kupandisha Rombo tarehe 23, kakae hapo pembeni."

Kamzigo kenyewe ni kochi, friji, magodoro 2, mabati 20, tenki la maji la lita 1000, na jogoo. Jogoo yuko kwenye kikapu, kichwa nje, ananikagua kama mtu wa kodi.

Nikavaa cheo. Nikamwambia shangazi, hili ni ghala la biashara, kila kinachoingia hapa kina karatasi, kesho naingiza semi ya sukari, viroba 600 vya kilo 50, sina hata pa kuweka ndala.

"Kwani baba mimi nimekuletea semi?"

"Hapana shangazi."

"Na hapo katikati ya mistari ya njano?"

"Hapo ni njia shangazi, hapawekwi kitu."

"Ndiyo maana pako wazi. Kijana, shusha!"

Mimi Mpare, na mnatujua, Mpare anauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Nikasimama mbele ya guta mikono imetanda. Nikamwambia kijana wa guta ukishusha hata mto mmoja tutaonana wabaya. Kijana akamwangalia shangazi, akaniangalia mimi, akaanza kufungua kamba.

Mungu si Athumani, bosi akaingia na gari. Nikasema haya sasa, sheria imefika. Bosi akashusha kioo, akapiga kelele "Hee, mae!" Kumbe ni jirani wa mama yake mzazi. Wakaanza Kichaga, dakika 20, wanacheka, wanashikana mabega, mimi nimesimama pale kama paleti. Mwisho bosi akanigeukia: "Muwekee mama vizuri." Kesi imeisha, wala hakimu sijamwona.

Tumeshusha. Rangi ya njano yote imehamia miguu ya kochi. Saa 9 bosi huyo huyo anazunguka ghala, mikono nyuma, ananiuliza mbona foklifti haina pa kupita, hivi wewe huoni msimu umefika? Jamani! Nimsukumie nani? Nimwambie nini? Nimeitikia tu ndiyo bosi, nikaenda kuhesabu kreti ambazo nilishazihesabu.

Paka amehama, hataki shida na jogoo. Makuli wanasema bei ya kushusha kiroba imepanda, sababu eti ni Krismasi, sukari ya Krismasi ni nzito kuliko ya Julai? Umeme umekatika tangu mchana. Bati moja linavuja, bahati linavujia friji.

Na hiyo semi yenyewe. Juzi dereva kaniambia ametoka Dar, jana nikapiga yupo Mombo anakula, leo asubuhi Mombo, saa hizi nimepiga, Mombo. Hivi Mombo hiyo wanakula nini kisichoisha? Nikampandishia sauti, akaniambia tulia kaka, kuna tairi linabadilishwa, halafu nimepita Segera nimenunua machungwa matamu hayo hujawahi kuona.

Nikakaa kwenye kochi. Nikamwambia basi niwekee kafuko kamoja.