Mbeya na Iringa bila gari: ulale mjini juu au barabarani chini?

Anayekuja Mbeya au Iringa kutembea siku mbili tatu, bila gari lake na bila mpango wa kukodi, hupewa ushauri wa aina mbili. Wengine watamwambia alale katikati ya mji ili kila kitu akifikie kwa miguu. Wengine watamwambia alale kando ya barabara kuu, jirani na mabasi, ambako vyumba ni vipya na bei iko chini. Pande zote mbili zinasema kweli, lakini zote zinapima hoteli kwa umbali wa mchana. Mchana katika miji hii haumsumbui mtu: daladala zipo, bajaji zipo, bodaboda wamejaa kila kona. Zinazomchosha msafiri asiye na gari ni safari tatu za gizani: kushuka basi usiku wa manane na begi mkononi, kuwahi basi la alfajiri, na kurudi kulala baada ya chakula cha jioni mvua ikinyesha. Ninavyoona, chumba kichaguliwe kwa safari hizo kwanza, mengine yafuate.

Maumbile ya miji yenyewe yanakuza tatizo hili. Mbeya iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na mji wa zamani (Uhindini, Sisimba, Sokoni) umeegemea mguu wa mlima Loleza. Barabara kuu ya Tanzania–Zambia imepita chini yake, Mwanjelwa, Mafiati, Soweto, kisha Iyunga. Kutoka Mafiati hadi Uhindini ni kama kilomita 3, na karibu zote unapanda. Iringa nayo imekaa juu ya genge, na barabara kuu inapita bondeni Ipogolo, karibu na Mto Ruaha Mdogo. Stendi ya mabasi ya mikoani iko Igumbilo, chini vilevile. Ukiangalia ramani ya simu utaona vidole viwili vya umbali, lakini simu haikuonyeshi kilima.

Kanuni ya wapanda milima inasaidia hapa: hesabu dakika 12 hadi 15 kwa kila kilomita, kisha ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 unazopanda. Hiyo ni kwa mtu asiye na mzigo. Mgeni aliyetoka Dar es Salaam jana atahema zaidi siku ya kwanza, na begi la magurudumu halivutiki kwenye changarawe na mitaro iliyo wazi kando ya njia. Kwa miji hii beba begi la mgongoni, hata kama hoteli iko mita 500 tu kutoka unaposhuka.

Sasa hoja za walio upande wa mjini. Iringa ndiko zina nguvu zaidi. Makumbusho ya Boma, soko kuu, maduka ya Miomboni na migahawa yake viko katika eneo ambalo mtu analizunguka asubuhi moja bila kupanda chombo. Jiwe la Gangilonga linafikika kwa miguu kutoka hapo, na ukiwa juu yake unauona mji wote. Panda jioni mapema mkiwa wawili au zaidi, mshuke kabla giza halijaingia. Kwenda Kalenga, yalipo makumbusho ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, magari yanapatikana upande wa Mlandege, ambako nako ni juu. Mtu aliyelala mjini anaweza kumaliza siku mbili nzima akiwa amelipa nauli ya daladala tu.

Mbeya mjini kuna faida moja ambayo barabarani haipatikani: Loleza. Kilele chake kina mita 2,656, kwa hiyo kutoka mjini unapanda mita zaidi ya 900, na kazi hiyo inatakiwa ianze mapema kabla mawingu hayajafunika. Aliyelala Sisimba anaamka, anakunywa chai, anaanza kupanda. Aliyelala Mwanjelwa anaanza siku kwa kutafuta usafiri.

Walio upande wa barabara kuu nao wasikilizwe, kwa sababu watu wengi huwapuuza kwa kudhani kule ni kwa madereva wa malori tu. Kwanza, safari nyingi nzuri za siku moja zinaanzia huko huko. Ziwa Ngozi unalifikia kwa gari la Tukuyu, unashuka Mchangani, kisha unatembea au unachukua bodaboda hadi mguu wa mlima na kumalizia kwa miguu msituni. Magari ya Tukuyu na Kyela unayapata stendi ya Nane Nane au Uyole. Ukilala mjini juu, asubuhi hiyo utashuka mlima wote ndipo safari yenyewe ianze. Iringa ni vivyo hivyo kwa Isimila, lile bonde la nguzo za udongo na zana za mawe, takribani kilomita 20 kwa njia ya Mbeya: magari ya upande huo yanapita Ipogolo. Pili, mabasi. Tangu mwaka 2023 yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, saa za kufika zimetawanyika, na basi la kutoka Dar linaweza kukushusha Iringa saa 8 usiku. Kutoka Igumbilo kupanda mjini saa hiyo utalipa bei ya dereva, si bei ya kawaida, maana hakuna wa kumshindanisha naye.

Hoja yao ya tatu ni bei, nayo inataka hesabu. Tuchukue mfano wa siku tatu: chumba cha barabarani shilingi 40,000, cha mjini 55,000. Mjini utalipa 165,000 kwa vyumba, ongeza bajaji mbili za kukodi kwenda na kutoka stendi, tuseme 10,000 kila moja, jumla 185,000. Barabarani utalipa 120,000, bajaji mbili fupi za stendi 8,000, bajaji ya kurudi kulala kila usiku 5,000 mara tatu, na daladala za mchana labda 3,000. Jumla 146,000. Barabarani kunashinda kwa 39,000, na anayesema kulala mjini kunaokoa nauli hajapiga hesabu. Mjini unanunua muda na miguu yako: saa moja hivi kila siku ambayo ungeitumia kusubiri, kupanda na kushuka. Kwa mtu mmoja kijana mwenye siku tano, saa hiyo si kitu. Kwa wazazi wenye watoto wawili na usiku mmoja tu, ni sehemu kubwa ya mapumziko yao.

Kuna jambo ambalo bei ya barabarani inalificha. Loji nyingi za huko zimejengwa kwa ajili ya wenye magari: uwanja mpana wa kuegesha mbele, geti kubwa, chumba kikubwa nyuma, na chakula cha kuagiza kinachochukua saa nzima kwa sababu wageni wenye magari huenda kula kwingine. Asiye na gari anabaki humo ndani, au anavuka barabara kuu gizani kati ya malori yaendayo mpakani Tunduma kutafuta chipsi. Kabla ya kulipia, uliza kuna nini cha kula ndani ya mita 300 na je, kuna taa za barabarani. Mwanjelwa na jirani yake Kabwe hutapata shida hii; chakula kipo mpaka usiku. Ukisogea kuelekea Uyole au Mbalizi, shida inaanza. Na hapo kuna mtego: matangazo mengi huandika "Mbeya mjini" hata kwa loji iliyo mbali na mji. Usiulize kama ni mjini, maana utajibiwa ndiyo. Uliza hivi: "Kaka, habari za kazi. Nikishuka Kabwe, nafika kwenu kwa miguu dakika ngapi? Kituo cha daladala cha karibu kinaitwaje?" Mhudumu atakayetaja jina la kituo bila kusita amekupa jibu la kweli. Atakayesema "chukua tu bodaboda utafika" naye amekujibu.

Kelele zipo pande zote, ila si za aina moja. Barabarani ni malori yanayopandisha usiku kucha na breki zao zikishuka, kila siku ya wiki. Mjini ni muziki wa baa, hasa Ijumaa na Jumamosi, kisha saa za alfajiri soko linaamka. Dawa ni moja: omba chumba cha nyuma, kisichotazama barabara. Muziki una mwisho wake usiku, lori halina, kwa hiyo mwenye usingizi mwepesi asidanganywe na kuta mpya za loji ya barabarani.

Baridi ndiyo inayowashangaza wageni wengi. Juni na Julai usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na maji ya kuoga yanakuwa habari kubwa. Hita ya shawa inavuta umeme mwingi, kati ya kilowati 3 na 5 hivi, ndiyo maana jenereta ya hoteli ndogo huwasha taa na televisheni lakini haiwashi hita. Mtambo wa jua unatoa maji ya moto jioni ya siku yenye jua, na siku ya mawingu unatoa vuguvugu. Alfajiri, saa unayotaka kuoga uwahi basi, mara nyingi maji yameshapoa. Uliza maswali mawili: hita ni ya umeme au ya jua, na umeme ukikatika mnaleta ndoo ya maji ya moto? Ndoo si aibu. Loji inayopasha maji jikoni saa 10 alfajiri kwa ajili ya mgeni anayesafiri inafaa kuliko yenye shawa ya kung'aa isiyotoa moto. Ukifika chumbani, kabla ya kutia sahihi kwenye kitabu cha wageni, washa swichi ya hita (mara nyingi iko nje ya mlango wa bafu), subiri dakika moja, gusa maji. Hesabu mablanketi, kwa miezi hiyo mawili ndiyo kiasi.

Turudi kwenye giza. Gesti nyingi huhesabu siku hadi saa 4 asubuhi. Ukifika saa 9 usiku utalipia usiku ule ule unaoisha, na saa 4 utaambiwa utoke au ulipe tena. Hoteli kubwa huenda hadi saa 6 mchana, lakini kanuni ni ile ile. Piga simu siku moja kabla, taja saa ya basi, omba bei ya chumba kuanzia usiku huo hadi saa 4 asubuhi ya kesho yake, si ya asubuhi hiyo hiyo. Wengine watakupunguzia wakiona utalala siku mbili. Uliza pia geti linafungwa saa ngapi na nani analifungua. Mlinzi aliyelala ndani ya geti la chuma, nawe uko nje na mabegi, ni shida ambayo mwenye gari huimaliza kwa honi. Chukua namba ya simu ya mapokezi ya usiku. Ya ofisini haitapokelewa.

Na kuondoka? Kifungua kinywa hutangazwa kuwa kimejumuishwa kwenye bei, lakini huanza saa 1 asubuhi, wakati basi lako limeshaondoka saa 12. Jioni mwombe mpishi akufungie chapati na mayai. Bajaji ya alfajiri nayo ipangwe jioni, na dereva anayejulikana na mapokezi, kwa bei iliyokubaliwa.

Ndege na treni zina mambo yake. Uwanja wa Songwe uko upande wa magharibi, mbele ya Mbalizi, zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini. Kwa ndege ya asubuhi, barabarani kunakupunguzia kipande, na ukungu unaweza kuchelewesha ndege hata hivyo. Stesheni ya TAZARA iko Iyunga. Treni za abiria zinapokuwepo, kuchelewa saa kadhaa ni jambo la kawaida, kwa hiyo usilipie kabla chumba kisichorudisha pesa.

Hukumu yangu kwa Iringa ni kulala mjini, isipokuwa usiku wa kwanza kama basi linafika baada ya saa 5 usiku: lala Ipogolo, amka, panda mjini kwa daladala kabla ya saa 4 asubuhi. Kwa Mbeya siwezi kutoa jibu moja. Wa Loleza na mji wenyewe akae Sisimba au Uhindini. Wa Ngozi, Tukuyu na Matema (ufukweni Ziwa Nyasa) akae kati ya Mwanjelwa na Soweto. Mtaa wa Forest, katikati ya pande hizo mbili, kuna utulivu na loji nzuri, lakini mitaa yake huwa kimya mapema usiku; anayekaa huko awe na namba ya dereva wa bajaji kabla hajatoka kwenda kula. Ukiacha usiku ule wa kwanza wa Ipogolo, kubadilisha hoteli katikati ya safari fupi sikushauri: ukikabidhi chumba saa 4 na kingine kikiwa tayari saa 8 mchana, saa nne za katikati utazunguka na begi, labda mapokezi wakubali kulitunza, na hilo nalo uliulize kwenye simu ile ile ya kwanza.