Dola 79 Nilizookoa Harusini

Mdogo wangu alipotangaza kuwa anaoa, kamati ya harusi ilinichagua kuwa katibu kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba katika ukoo wetu mimi ndiye niliyekuwa na kompyuta. Hakuna aliyeuliza kama ninajua kuitumia, na kwa jinsi nilivyokifurahia cheo hicho, sikuona haja ya kulizusha jambo hilo. Kikao cha kwanza kilifanyika Jumapili jioni chini ya mwembe, nyumbani kwa baba mdogo hapa Tanga, na tulipofika kwenye "mengineyo" mwenyekiti akauliza ni nani atakayetengeneza kadi za mwaliko. Mjumbe mmoja akasema kuna kijana Ngamiani anayesanifu kadi kwa shilingi 30,000, na kazi zake ni safi. Nikanyoosha mkono. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayeliokoa taifa, kwamba fedha hizo zibaki kwenye fungu la vinywaji, kwani kazi ya kusanifu nitaifanya mwenyewe bure. Nikapigiwa makofi, na makofi yale ndiyo malipo yote niliyoyapata mpaka leo.

Hapa ni lazima nieleze imani niliyokuwa nayo wakati huo kuhusu programu za kompyuta, kwa maana bila kuieleza, yaliyofuata yataonekana kuwa ni uzembe tu, ilhali ulikuwa uzembe wenye hoja. Kompyuta yangu mpakato niliinunua ikiwa imeshatumika, na fundi aliniwekea Microsoft 365 ya kujaribu kwa mwezi mmoja. Mwezi ulipokwisha, Word iliendelea kunifungulia nyaraka zangu na hata kuzichapa, lakini ilikataa katakata nisibadilishe hata nukta, mithili ya mwenye nyumba anayekuruhusu kuitazama sebule ukiwa mlangoni. Fundi akaniwekea LibreOffice. Akanieleza kuwa hiyo ni ya bure moja kwa moja, haina siku za kuhesabiwa, na ndani yake imo sehemu ya kuchorea iitwayo Draw ambayo mtu anaweza kuitumia kutengeneza bango, cheti au kadi. Nikaitumia miaka mitatu kuandika barua na kupanga hesabu za kikoba, haikunisumbua hata siku moja, na kwa sababu hiyo hiyo nikaidharau.

Nilijiambia hivi: kitu hiki kimekuwapo tangu mwaka 2010, kilipojitenga na OpenOffice.org, programu nyingine ya bure ya kazi za ofisi, na siku zote hizo hakijawahi hata kunibembeleza nikinunue. Kitakuwa na thamani gani? Nilifahamu pia kwamba hiyo OpenOffice iliwahi kutolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, kazi iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na badala ya kuniongezea heshima, habari hiyo iliipunguza. Niliona ni kitu cha nyumbani, na harusi hutaka vyombo vya kuazima.

Tena kulikuwa na WinRAR, ambayo nilikuwa nayo kwa ajili ya kufungulia mafaili yaliyobanwa. Programu hiyo humpa mtu siku 40 za majaribio, na zikiisha hukuletea kidirisha cha kukukumbusha ununue leseni, nawe ukikifunga unaendelea na shughuli zako. Mimi nilikuwa katika mwaka wa tatu wa kukifunga. Kidirisha kile ndicho kilichoniharibu, kwa kuwa kilinifundisha kwamba "majaribio" katika lugha ya kompyuta ni neno la adabu tu, kama ile "karibu tule" ya abiria mwenye kipande kimoja cha muhogo.

Basi nikaingia kwenye intaneti nikiwa na bando la usiku, nikatafuta programu ya kusanifu kadi. Nilizikuta za bure kadhaa, nikazipita kama mtu anayepita kwenye mitumba akielekea dukani. Hatimaye nikaiona moja ambayo bei yake ilikuwa dola 79, na chini ya bei hiyo pakiwa na kitufe cha kuijaribu kwa siku 14 bila malipo. Nikafanya hesabu ambayo hadi leo naikumbuka kwa aibu: nikiitumia ya bure nitakuwa sikuokoa chochote, kwa sababu haina bei, lakini nikiitumia hii nitakuwa nimeokoa dola 79. Katika daftari la kamati, ukurasa wa mapato, nikaandika kabisa: "Akiba iliyopatikana kupitia Katibu: dola 79."

Sitazungumzia sana usanifu wenyewe. Itoshe kusema kwamba niliweka picha ya bwana na bibi harusi, mawaridi, njiwa wawili waliogusanisha midomo, na mwandiko wenye mikia mirefu kiasi kwamba jina la ukumbi lilihitaji kusomwa na watu wawili wakisaidiana. Ningeweza kuyaona makosa mengine, ila kioo cha kompyuta yangu kilikuwa kimechoka. Rangi ya kijivu hafifu ndani ya kioo kile ilikuwa sawasawa na nyeupe. Saa sita usiku nikalihifadhi faili, nikalituma kwa WhatsApp kwenye duka la steshenari, nikaagiza kadi 300 kwa shilingi 1,500 kila moja, nikalala usingizi wa mtu aliyetua mzigo.

Kadi zilitoka Jumamosi zikiwa zimefungwa vizuri kwenye maboksi. Kadi 120 za upande wa bibi harusi nilimkabidhi mshenga aliyekuwa anapanda gari la Muheza wakati huo huo, na 180 zilizobaki nikazipeleka kwa mwenyekiti. Ni pale barazani kwake, juani, nilipotoa moja ili niibusu kwa macho, ndipo nikaona kwamba si peke yangu niliyeandika kwenye kadi ile. Kulikuwa na maandishi ya kijivu, makubwa, yaliyokatiza mshazari, yakianzia kwenye viatu vya bwana harusi na kuishia kwenye paji la uso la bibi harusi. Yalikuwa ya Kiingereza, mistari mitatu, na kwa Kiswahili yalisema: "Toleo la majaribio. Halijasajiliwa. Nunua toleo kamili."

Nikajisogeza pembeni nikampigia kijana wa steshenari, nikamuuliza kwa nini hakunishtua.

"Kaka, mimi niliyaona," akanijibu kwa utulivu mkubwa. "Nikajua ni alama ya usalama. Si msimu huu watu wanaghushi kadi ili wakale bure?"

Sijui kama alikuwa anajitetea au alikuwa anaamini, lakini mtu anayezama hamwulizi aliyemtupia kamba ameinunua wapi. Nikarudi barazani nikiwa mtu mwingine. Nikamweleza mwenyekiti kwamba kadi zetu, tofauti na za watu wa kawaida, zina alama maalumu ya kijivu inayozuia kughushiwa. Mwenyekiti wetu ni mstaafu wa jeshi, na sijawahi kumwona akifurahi namna ile. Akavaa miwani, akaisogeza kadi mbali, akaitazama kama anayekagua noti ya elfu kumi, kisha papo hapo akarekodi ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp, akiwaagiza vijana wa mlangoni kwamba siku ya harusi, kadi isiyo na maandishi ya kijivu isipite, hata kama aliyeishika ni nani.

Saa kumi alasiri simu ya mshenga ikaingia. Hakunisalimu.

"Katibu, uje Muheza leo. Tena usije mikono mitupu."

Kwa kawaida mtu huwa na bahati mbaya moja, mimi nilikuwa nazo mbili. Ya kwanza ni kwamba babu mkubwa wa bibi harusi alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Ya pili ni kwamba upande wetu ulikuwa haujamaliza mahari. Fedha tulikuwa tumezipeleka, lakini mkaja wa mama na blanketi la babu tuliomba viletwe baadaye, na baadaye yenyewe ilikuwa haijafika.

Nilipoingia sebuleni niliwakuta wazee sita, na kadi imewekwa katikati ya meza, peke yake, kama kielelezo mahakamani.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba," akaitikia babu peke yake. Akaichukua kadi, akasoma mstari mmoja mmoja kwa matamshi yasiyo na kosa, na baada ya kila mstari akawatafsiria wenzake. Alipofika "majaribio", shangazi mmoja aliyekuwa mlangoni akaguna. Alipofika "halijasajiliwa", baba yake bibi harusi akasema kwamba matangazo ya ndoa yameshasomwa kanisani Jumapili mbili mfululizo, kwa hiyo angependa kujua ni ndoa gani hiyo sisi tunayoifunga ambayo haitasajiliwa. Alipofika mstari wa tatu, babu aliitua kadi, akavua miwani, akanitazama.

"Kijana, sisi blanketi hatujawadai. Tumenyamaza. Sasa ninyi ndio mnatuandikia kwamba binti huyu mliyemposa ni sampuli, na kwamba toleo kamili linauzwa mbali? Linauzwa na nani?"

Nikajaribu kueleza. Yeyote atakayejaribu siku moja kuwaeleza wazee sita kwamba programu ya kompyuta hukuacha ufanye kazi yote kwa uhuru, na wakati wa kuhifadhi faili ndipo inapogonga muhuri wake juu ya kazi hiyo ili ulazimike kulipa, atagundua kwamba kila sentensi inazidi kuharibu. Nilipotamka kwamba nilikuwa nazo siku 14 za kujaribu na zimebaki sita, mama mmoja alisimama akatoka nje. Nilipotamka kwamba nilifanya hivyo ili kuokoa dola 79, baba mkwe mtarajiwa akauliza kama hizo dola zilitolewa kwenye mahari.

Mshenga ndiye aliyeniokoa. Alinong'ona na babu, babu akatikisa kichwa, na hukumu ikatolewa: kadi 120 zirudi zote, zije nyingine zisizo na neno lolote la Kiingereza, na zije zikiwa zimeambatana na mkaja pamoja na blanketi.

Usiku ule nikaifungua LibreOffice. Sikuwa na njia nyingine. Kuinunua ile programu kulitaka kadi ya benki yenye uwezo wa kulipia nje, na dola 79 wakati huo zilikuwa zinakaribia laki mbili. Nikaifungua ile sehemu ya Draw niliyoipuuza miaka mitatu, nikaweka picha ile ile, njiwa wale wale, mwandiko unaosomeka, nikabofya pa kutoa PDF, na kazi yote ikachukua saa moja na robo. Nililitazama faili kwenye simu, nikalikuza mpaka ukucha wa bibi harusi ukajaa kioo, nikitafuta kijivu chochote. Hakikuwapo. Wala programu haikuniambia lolote; ilinyamaza tu kama ilivyo desturi yake, na kimya kile kilinichoma kuliko maneno ya shangazi.

Mweka hazina alikataa kutoa hata senti kwa ajili ya kuchapa upya, akinikumbusha kwamba kwenye daftari mimi ndiye niliyeingiza akiba. Kwa hiyo kadi 120 nilizilipia mwenyewe, shilingi 180,000. Blanketi zuri, zito, lenye picha ya simba, lilikuwa 45,000. Mkaja siutaji, kwa kuwa suala hilo ni la familia. Nilikwenda Muheza kwa mara ya pili, nikapokewa kwa chai na mihogo, na babu akalijaribisha blanketi mabegani hapo hapo, mchana wa jua kali.

Zile kadi 180 za upande wetu ziligawiwa kama zilivyokuwa, na sikuthubutu kumwambia mwenyekiti. Mchungaji alipopata yake alinipigia kuniuliza, kwa upole uliozidi kiwango, iwapo ninafahamu kwamba ndoa zote anazozifungisha husajiliwa. Nikamjibu kuwa nafahamu.

Siku ya harusi nilikuwa nyuma ya ukumbi nikihesabu kreti za soda, na katika shughuli zote zile nilikuwa nimesahau jambo moja dogo, nalo ni ule ujumbe wa sauti wa mwenyekiti. Kelele zilinijia kwanza, kisha akaja mtoto akikimbia: "Katibu, wamekamatwa watu mia na kadi feki!"

Nilipofika mlangoni, upande wetu wote ulikuwa umeshaketi ndani unakula njugu, na upande mzima wa bibi harusi ulikuwa umepangwa mstari nje ya geti, wanawake na vitenge vyao vya sare, kila mmoja ameshika kadi nyeupe isiyo na doa. Vijana wa mlangoni walikuwa wanaziinua juani moja baada ya nyingine, wanatafuta kijivu, hawakioni, wanatikisa kichwa. Mwenyekiti alikuwa amesimama katikati ya geti, mikono nyuma, akiwapongeza kwa umakini wao.

Mbele kabisa ya mstari alikuwa babu. Blanketi la simba lilikuwa begani. Aliponiona, alinipungia mkono kana kwamba alikuwa ananisubiri, kisha akamgeukia mwenyekiti, akamwonyesha kwa kidole watu waliokwisha kuketi ndani.

"Afande," akasema, "hao mliowaingiza ni wa majaribio. Toleo kamili ni sisi. Fungua geti."