Kromatini sio kifungashio tu, japo mnaosema hivyo mna hoja

Kuna ubishi umezuka kwenye tuisheni za bailojia hapa Moshi, hawa vijana wa tahasusi za sayansi, PCB na CBG, si unajua mtihani ukikaribia kila kitu kinakuwa kesi. Swali lenyewe dogo tu, kromatini, yaani DNA pamoja na protini ilizofungwa nazo, inafanya kazi gani ndani ya kiini cha seli? Mwalimu mmoja akajibu kifupi, inafunga DNA ili ienee, andika hivyo uchukue maksi zako usonge mbele. Dada mmoja wa maabara akampinga, akasema kromatini inahusika pia na jeni ipi isomwe na ipi inyamaze. Hapo watu wakamrukia, wengine wakadhani anatetea wale wauza virutubisho wanaodai kidonge chao kinakubadilisha jeni. Hakusema hivyo hata kidogo, na ndio maana naandika.

Tuanze na mwalimu maana hajakosea. DNA ya seli moja ya binadamu ukiinyoosha inafika kama mita 2, wakati kiini chenyewe kina upana wa mikroni 6 hivi, yaani kwenye milimita moja unapanga viini zaidi ya 150. Inaenea kwa sababu imezungushwa kwenye protini zinaitwa histoni, nane nane kwa kila fundo, na kila fundo limezungukwa na herufi kama 147 za DNA, haifiki hata mizunguko miwili. Ni kama robota la mitumba pale soko la Memorial, limebanwa hasa. Ila sasa nguo iliyo katikati ya robota utaivaaje kabla hujafungua? Na kromatini kuna sehemu imelegea na sehemu imekazwa, na seli ya ini hailegezi sehemu zilezile anazolegeza mwenzake wa ubongo, japo DNA yao ni moja.

Upande wa mwalimu una hoja nzito kuliko hata aliyoitoa mwenyewe. Bakteria hawana huu mfumo wa mafundo ya histoni na bado wanawasha na kuzima jeni vizuri tu, wanatumia protini zinazokaa karibu na jeni na kutoa amri. Halafu yupo Shinya Yamanaka wa Japani, mwaka 2006 alichukua seli za kawaida za panya akaziingizia jeni nne tu za protini za amri, zikarudi kuwa kama seli za kiinitete zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingi. Kwa hiyo mtu ana haki ya kusema bosi ni hizo protini, kromatini inafuata tu ikishaambiwa.

Sawa. Ila hebu niambieni kuhusu kromosomu X, maana mimi hapa ndipo ninapokwama na kila nikirudi naona dada ana pointi.

Mwanamke kwa kawaida ana X mbili. Mapema kabisa akiwa bado kiinitete tumboni, kila seli inazima X moja, ya baba au ya mama, kwa bahati nasibu, na watoto wote wa seli hiyo wanaendelea kuzima ileile. Hilo alilitoa Mary Lyon mwaka 1961, na X iliyozimwa inaonekana kwa hadubini, kidonge cha kromatini iliyokazwa kimejibana pembeni ya kiini, Murray Barr alishakiona kwenye seli za paka mwaka 1949.

Sasa chukua G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na jeni yake iko kwenye X. Mwenye upungufu wake akipewa primakwini, dawa ya malaria, chembe zinaweza kupasuka. Mwanamke mwenye X moja nzima na moja yenye kasoro anakuwa na chembe za aina mbili kwenye mshipa mmoja, zilizo sawa na zenye upungufu, Ernest Beutler na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1962. Chembe nyekundu zenyewe hazina kiini, uamuzi ulishafanyika zamani kwa seli zilizozizaa huko kwenye uboho. Ndio maana kipimo cha haraka kinaweza kumwambia mama huyo yuko fiti kwa sababu kinasoma mchanganyiko, kumbe sehemu ya damu yake haiko fiti.

Sasa angalia, zile X mbili zimo ndani ya kiini kimoja, zimezungukwa na protini zilezile za amri, na jeni ni zilezile. Moja inasomwa, nyingine kimya. Kama protini za amri ndio kila kitu, mbona zinaitii hii na kuiruka ile?

Najua jibu litakalokuja, kwamba anayeanzisha uzimaji ni RNA, yaani nakala inayotolewa kwenye DNA, inaitwa XIST na inatoka kwenye X yenyewe. Kweli, na baadhi ya jeni zinaponyoka hazizimwi. Lakini ukiiondoa XIST baadaye, seli ikishakomaa, sehemu kubwa ya X inabaki kimya vilevile. Aliyeanzisha kaondoka, hali imebaki. Na kwenye hamira, maabara ya Michael Grunstein mwaka 1988 waliwapunguzia seli histoni tu, na jeni zilizokuwa zimelala zikaanza kusomwa bila kupewa amri ya kawaida.

Kwa hiyo mimi nasema hivi, protini za amri zinaanzisha mengi, hilo namwachia mwalimu, ila anayeshikilia uamuzi seli ikigawanyika mara mia ni kromatini. Na hata hilo la kufunga tunaloliona limeisha, ule mchoro wa vitabuni wa uzi nadhifu wenye unene wa nanomita 30 una utata, maana mwaka 2017 watafiti wa Marekani walipoangalia ndani ya seli zenyewe walikuta minyororo isiyo na mpangilio maalumu, unene wake kati ya nanomita 5 na 24.